Jina Alilolitaja Mama Ukumbini

Kabla sijaona chochote nilisikia pipa likiimba. Tulikuwa bado nje, kwenye manyunyu ya Woolwich, London, mjomba akitafuta pa kuegesha gari, mimi na mama tumebeba sufuria ya sambusa katikati yetu. Sauti ilitujia kupitia ukutani, laini, kama ngoma inayopigwa chini ya maji. Tulipoingia nikamwona mzee mmoja akigonga kitako cha pipa la mafuta kwa vijiti viwili, macho ameyafumba.

Jirani yetu wa ghorofa ya chini, mama wa Kijamaika aliyestaafu udereva wa basi, ndiye aliyeandaa mkusanyiko ule wa kukumbuka mwisho wa utumwa. Mama aliombwa apike tu. Jirani alizitazama sambusa akasema kwao vitu vidogo namna hiyo hutupiwa ndege. Mama akamjibu kwamba ndege wa kwetu wana adabu, hawadharau chakula cha watu. Wanawake wawili wa chama chetu cha Wazanzibari, waliokuwa jikoni wakichemsha chai, walicheka mpaka wakashikana mabega. Mjomba hakucheka. Alikaa karibu na mlango bila kuvua koti.

Nilijua kwa nini. Jumamosi iliyofuata wageni wangekuja kwake na posa ya binti yake, watu wanaouliza nasaba kabla ya kuuliza kazi. Miaka yote mjomba amewaambia Wazanzibari wa London kwamba bibi wa mama yao, yeye na mama yangu, alitoka Maskati. Hakutoka Maskati. Alitekwa bara akiwa mtoto, akauzwa Unguja, akawa mjakazi katika nyumba ya watu wakubwa. Mama aliniambia mara moja tu, tukichambua mchele, akanikataza kulitamka hilo mbele ya kaka yake. Nami ninayejiita mwandishi niliibeba siri ile kama yai mdomoni.

Pipa liliponyamaza, jirani aliweka mezani beseni la maji, kikombe, na chungu chenye mmea. Aliyetaka alikwenda mbele, akamtaja mzee wake aliyekuwa mtumwa, akamwagilia mmea. Ukumbi mzima ukajibu: tunakusikia. Wengine hawakuwa na jina, wakasema tu, mama yake mama yake bibi. Mwanga wa madirishani ulikuwa mweupe kama maziwa. Nilihisi ukumbi umeng'oka taratibu, unaelea, na mabasi yanapita mbali chini yetu.

Ndipo nikamwona mama akijifuta mafuta mikononi kwa kanga yake, akitoka jikoni. Mjomba alisimama, akamzuia njiani.

"Dada, nakuomba. Jumamosi wageni wanakuja."

"Waje, kaka. Watamkuta binti yako ni yule yule."

"Hutaulizwa wewe. Nitaulizwa mimi."

Mama alimtazama sana ndugu yake, yule aliyempokea uwanja wa ndege alipohamia Uingereza, akiwa na koti la baridi mkononi kwa ajili yake.

"Najua," akasema, akampita.

Alichukua kikombe. Akalitaja jina la yule bibi, kwa sauti ile anayoitumia kuniamsha asubuhi. Kisha akasema kwa Kiingereza, pole pole, kwamba jina hilo alipewa na waliomnunua.

"Alikuwa na jina jingine, la kwao. Hilo hatulijui."

Tunakusikia, ukumbi ukajibu. Jikoni kijiko kilichokuwa kikikoroga chai kilisimama. Wale wanawake wawili walitazamana, na nikajua kwamba kabla ya magharibi habari itakuwa imefika kila nyumba ya Wazanzibari, na kwa wale wageni pia.

Furaha ilinijaa kifuani hata nikaona kizunguzungu. Halafu nikamkumbuka binamu yangu, aliyekuwa nyumbani akichagua gauni la Jumamosi, na ambaye hakuna aliyemuuliza lolote.

Mjomba alingoja mpaka maji yalipozama kwenye udongo. Mama bado alikuwa mbele, jirani amemkumbatia, hakumwona akinijia.

"Msipande basi na mvua hii," aliniambia. "Mwambie mama yako mchukue teksi."

Alitoa funguo za gari mfukoni. Akainua kola ya koti, akafungua mlango, upepo ukaingia na harufu ya barabara iliyolowa. Alipotoka aliufunga taratibu sana, kama mtu anayetoka katika chumba alimolala mgonjwa.