Gari la Kwanza Kutoka Juru

Nilipopata kazi Mbarara, dada yangu aliyehamishiwa ng'ambo alinitumia sauti kwenye simu huku akicheka. Yeye huko hupanda treni inayopita chini ya ardhi. Alisema inafika, inafungua milango, inaondoka, iwe imejaa au iko tupu, na hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Nilimjibu kwamba hiyo si safari, hiyo ni adhabu. Baada ya wiki mbili nilikuwa naitamani adhabu hiyo kila alfajiri.

Kazi yenyewe ilikuwa ya ushonaji. Mke wa mwanajeshi mmoja alikuwa na chumba cha cherehani nne karibu na kambi ya jeshi, ambako tulipunguza sare, tukabadilisha zipu, na kushona magauni ya wake wa askari. Alinichukua kwa majaribio ya mwezi mmoja. Huku Juru, kwenye makazi yetu ya wakimbizi Uganda, nilikuwa nimeshona miaka sita chini ya turubai, kiraka juu ya kiraka, mpaka nikasahau harufu ya kitambaa kipya. Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote tangu tuvuke mpaka. Wengi wanaofanya kazi mjini hupanga chumba hukohuko, lakini mimi nina watoto watatu na shamba la maharagwe, kwa hiyo ilinibidi niende na kurudi kila siku.

Siku ya kwanza nilipotea. Jirani alikuwa amenielekeza kwamba nikifika kwenye lami nipande gari lingine la Mbarara. Hakuniambia kwamba magari ya Mbarara na ya Kikagate, mpakani mwa Tanzania, husimama pamoja, na wapiga debe wake wote wanakuvuta mkono kwa nguvu ileile. Niliona gari lenye nafasi, nikamshukuru Mungu, nikakaa. Nilikuja kushtuka niliposikia abiria wote wanazungumzia mchele wa Tanzania. Nilishuka porini nikiwa nimekasirika, nikajilaumu mimi, jirani, na mchele.

Nilipofika kazini, bosi alikuwa amesimama mlangoni.

"Kwa mimi, saa mbili ni saa mbili," alisema kwa Kiswahili chake cha kambini. "Hii ya leo ni moja. Ikifika tatu, mashini napea mtu ingine. Hapana lia."

Nikajifunza. Kumbe kulikuwa na gari dogo moja linalotoka Juru saa kumi na moja alfajiri na kwenda moja kwa moja mpaka Mbarara. Lilibeba abiria saba, na halikuondoka mpaka wa saba aingie. Ukilikosa, la pili hujaa polepole, maana wenye haraka wote wamekwisha kuondoka. Nilikuwa naamka mapema, nakimbia gizani na viatu mkononi, na kwa siku kadhaa mambo yalikwenda vizuri.

Kisha akaja mama mzee. Alikuwa mjane wa mchungaji wetu wa zamani, anatembea na fimbo, kitenge chake kimepigwa pasi hata alfajiri. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha saba. Sisi Wakongomani wa Kivu Kusini, mkubwa hasimami wakati wewe umekaa. Tena humwulizi anakwenda wapi wala kufanya nini. Kumwuliza ni kama kumpima kama anastahili. Unainuka tu. Niliinuka.

"Ikala, mama," nilimwambia.

"Aksanti, mwanangu," akasema, akakaa.

Gari la pili lilichukua karibu saa nzima kujaa. Nilichelewa, na bosi alikuwa mlangoni tena. Alinyoosha vidole viwili, akarudi kwenye chai yake.

Kuanzia hapo nililala vibaya. Mara nyingine tulikuwa Wakongomani watano garini, na mkubwa mmoja akitokea, kijana alimpisha mama, mama naye akampisha baba, baba akaona bibi anakuja, akashuka. Dereva, mwenyeji wa Kinyankole asiye na subira, alipiga usukani.

"Nyinyi Bakongo, mnapanda gari ama mnacheza densi?"

Nilicheka pamoja na wenzangu, lakini macho yangu yalikuwa kwenye saa ya simu.

Alhamisi ya wiki ya tatu nilikuwa tena kwenye kiti cha saba, na mama mzee akatokea tena, fimbo yake ikitangulia. Nilimwona vizuri. Nikainama, nikajifanya natafuta kitu ndani ya mfuko ambao haukuwa na kitu ila sindano na chakula changu cha mchana. Niliendelea kutafuta mpaka dereva akafunga mlango. Taa za gari zilimpitia pale alipokuwa amesimama, na hakuwa ameinua hata mkono.

Nilifika nusu saa kabla ya wakati. "Leo umekuja kama askari," bosi alisema, na ndiyo sifa ya kwanza aliyonipa. Siku nzima nilishona vizuri na nikajichukia.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda nyumbani kwake. Alikuwa uani anachambua maharagwe kwa vidole, bila kuyatazama. Nilipiga magoti.

"Mama, unisamehe. Siku ya ine, Alhamisi ile, nilikuona, nikabakia nimeikala."

"Nami nilikuona," alisema. "Nilikuwa na randevu na muganga ya macho ku hospitali. Wakati nilifika, banamaliza kuita bantu. Balisema nirudi Jumatatu, ni kesho."

Nilikosa pa kuweka uso. Nikauliza, labda nikitafuta pa kujitetea: "Na ile siku nilikupatia fasi?"

"Ile siku?" Alicheka kidogo. "Nilikuwa naenda kusalimia dada yangu tu. Ningengoja hata gari ya mangaribi."

Hapo hasira yangu ya zamani ikaruka. "Sasa sababu ya nini ulikubali, mama? Mi nilichelewa, karibu banifukuze!"

"Unasimama mbele ya bantu, mi nikatae? Ungepata haya." Aliokota jiwe dogo katikati ya maharagwe, akalitupa. "Nawe haukusema kama uko na kazi."

Nilimpa kiti changu siku ambayo hakukihitaji, nikamnyima siku aliyokihitaji, na mara zote mbili hakuna aliyemwuliza mwenzake neno.

Jumatatu nilifika mapema, lakini wengine walikuwa wamenitangulia, na kilichobaki kilikuwa kiti cha saba. Nilikaa ukingoni, mguu mmoja nje. Mama mzee alipofika, wote garini walinigeukia. Walijua nimekwenda kwake. Juru hakuna siri. Nikamwuliza kwa sauti ya kusikika na wote, ingawa nilijua jibu, kitu ambacho sijawahi kumfanyia mkubwa yeyote:

"Mama, leo unaenda wapi?"

Mtu mmoja nyuma yangu aliguna. Lakini mama hakuudhika. Aliinua kidevu, akajibu kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo kanisani: "Ku hospitali, sababu ya macho. Na weye, mwanangu?"

"Kazi. Nikichelewa leo, inaisha."

Dereva aliwasha gari. Wengine waligeukia madirisha. Nilikuwa nimekwisha kuweka mguu wa pili chini, na machozi yalikuwa karibu, nilipohisi gari linainama upande wa dirisha. Alikuwa shemasi wetu, baba mnene mwenye sauti nene, anajikwamua kutoka kwenye kiti chake.

"Mi naenda kununua misumari tu," alisema. "Misumari haiko na saa."

Akashuka. Mama mzee akakaa dirishani, nami kando yake, fimbo ikiwa katikati yetu. Gari lilipogeuka nilimwona shemasi amebaki peke yake barabarani, anatupungia mkono, anatabasamu kama mtu aliyejivua mzigo. Ndipo nilipokumbuka kwamba ile Alhamisi naye alikuwemo garini, kwenye kiti hikihiki cha dirishani, na mimi nilipokuwa nainamia mfuko wangu, yeye alikuwa anafunga kamba za viatu.