Herufi nyeupe chini ya springi

Saa moja na robo asubuhi, Maulid Haroun amesimama mbele ya vaisi, mikono mfukoni. Shokapu iliyobanwa hapo imetoka kwenye pikipiki ya theluji, ile inayoteleza barafuni kwa mkanda badala ya magurudumu. Ni kazi ya dakika arobaini. Ishirini zimeshapita, na hajagusa hata spana.

“Anko, chai inapoa,” anasema Gurpreet, binti anayeshughulikia mizigo.

“Iache ipoe, mwanangu.”

Karakana hii ndogo ya Tyseley, hapa Birmingham, hupokea shokapu kama mia sita kabla ya kila majira ya baridi, nyingi kutoka Norway na Sweden. Gesi hutolewa, mafuta ya zamani yakamwagwa, sili, zile pete za mpira za kuzuia mafuta, zikabadilishwa, mafuta mapya yakatiwa polepole mpaka povu liishe. Kisha fundi huandika herufi ya jina lake kwa rangi nyeupe chini ya springi, mahali ambapo mwenye mashine hapaoni. Mwaka unaofuata, atakayeifungua huifuta na kuandika yake.

Kwa miaka kumi na tisa herufi zilikuwa mbili tu. M ni ya Maulid. S ni ya Sukhvinder, baba yake Gurpreet, aliyemfundisha kazi Maulid alipofika kutoka Zanzibar hajui hata shokapu inafunguliwa upande gani.

Sukhvinder alifariki Machi, kwa maradhi ya moyo. Juni, shokapu zikaanza kurudi.

“Natoa springi, namkuta,” anasema Maulid. “Natoa nyingine, yumo. Wenzangu walimuaga mara moja. Mimi nimemzika mara mia mbili na kumi na moja.”

Alifuta zote, moja moja. Hadi wiki iliyopita, zilipobaki mbili za kikosi cha uokoaji kinachoshusha wagonjwa milimani huko Norway. Hapo mkono ukagoma. Akazipangusa nje zikang’aa, akazitia sandukuni bila kuzifungua. Ndani yalibaki mafuta aliyoyamimina Sukhvinder kwa mkono wake.

Shemsa, mkewe, hakuchelewa kuona kuna jambo.

“Hali, halali. Nikamwambia, baba Asmahan, kama umeua mtu sema.”

“Bado sijaua,” Maulid akamjibu, “lakini naweza.” Akamweleza yote.

“Basi mpigie simu mtoto wa mwenzio. Sasa hivi, tena mbele yangu.”

Alipoelezwa, Gurpreet hakupandisha sauti. Kwanza aliliwahi sanduku bandarini kabla halijapakiwa. Ndipo akampigia Maulid tena.

“Baba angekutukana.”

“Tena kwa Kipunjabi.”

Wakacheka kidogo, kisha wote wawili wakalia, simu masikioni.

Sanduku lilirudi jana. Sasa Maulid anashika spana. Gesi inafoka, halafu kimya. Mafuta yanashuka kwenye beseni, meusi kama kahawa, yananuka kuungua. Gurpreet anayatazama mpaka tone la mwisho.

“Kwa mafuta haya,” anasema Maulid, “kila tuta lingempiga mgonjwa mgongoni.”

Inabaki S. Gurpreet anauliza kama haiwezi kuachwa, pembeni tu, ndogo.

Maulid anatikisa kichwa. “Alama ni ya mtu wa kuulizwa kitu kikiharibika. Baba yako asiulizwe tena. Waniulize mimi.”

Anatia spiriti kwenye kitambaa, anaifuta taratibu, kama mtu anayempangusa mtoto uso. Kisha anaandika M. Herufi inatoka kombo, naye haisahihishi.

Katika miaka yote hiyo, si yeye wala Sukhvinder aliyewahi kuipanda pikipiki ya theluji. Kikosi kile kiliwaalika kila mwaka, na kila mwaka Sukhvinder alijibu, “Mwakani.”

Maulid na Gurpreet wameshaomba likizo ya siku tano, Februari. Wamekwisha kuahidiwa mashine yenyewe, yenye shokapu hizi mbili.

“Friji ya nyumbani imemshinda kuigandua,” anasema Shemsa kwenye simu, “anakwenda kutafuta barafu Norway!”

Maulid anatabasamu, mara ya kwanza leo. Kuendesha hataki.

“Gurpreet atakaa mbele, mimi nyuma. Tukipita tuta la kwanza, nitajua kama nilikuwa namsikiliza baba yake aliponifundisha.”