Shukrani Iliyokuja Kabla ya Kisu

Nakumbuka, mwanangu, wakati nikiwa kijana wa kuchuma chai kule Roret, moyo wangu ulianza kunikimbia bila sababu. Nimesimama tu katikati ya majani, ghafla jasho chapachapa, kichwa kinataka kupasuka, mikono inatetemeka. Nikifikishwa hospitali presha iliyopanda imesharudi kawaida, naambiwa niko sawa. Majirani wakasema ni pepo. Sikujua nimwamini nani, na niliogopa sana.

Daktari mmoja wa Kaplong ndiye aliyeshuku uvimbe mdogo unaomwaga homoni kwenye damu, kama mfereji usiofungika. Akanituma Nairobi. Huko nilidungwa dawa yenye mionzi, ambayo huenda kujikusanya penye uvimbe, kisha nikalazwa chini ya kamera kubwa. Nikaonyeshwa doa linalong'aa juu ya figo. Daktari akaeleza kwa Kiingereza kirefu, nami nikaitikia "yes" kila alipotua. Heshima ya kijinga hiyo!

Nikarudi nyumbani nikiamini mashine imeunguza ugonjwa wote. Mbona ilikuwa kubwa hivyo kama si ya kutibu? Mama akachinja mbuzi, watu wa kanisa wakaja kushukuru, mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kwenye kibuyu, ikamiminwa. Nyanya yangu, tuliyemwita Kogo, akaniita mbele ya wageni.

"Wamekupasua wapi? Hebu tuone kidonda."

"Hawajapasua, Kogo. Wamepiga picha tu."

"Sasa hii mbuzi tunakula ya nini? Mtu akiona nyoka kwa nyumba, ameiua?"

Watu wakacheka. Kabla sijamjibu, moyo ukaanza kukimbia tena, na sahani ikanitoka mkononi. Hakuna aliyecheka tena.

Nilirudi Nairobi na dada yangu, ambaye haoni haya kuuliza. Daktari akashangaa: "Si tulikuambia urudi upasuliwe? Hiyo presha ingekuua." Wakanipa vidonge vya kushusha presha kwanza, kisha wakautoa uvimbe. Ulikuwa mdogo kama limau. Hadi leo sielewi vizuri kitu kile kiliwezaje kumwendesha mtu mzima.

Mwanangu, mficha uchi hazai. Ukiambiwa jambo la mwili wako usilielewe, usiitikie kwa adabu. Uliza wameona nini, na uliza kimebaki nini kufanywa. Mungu akujalie madaktari wenye subira, na akupe ulimi usioona aibu kusema, "Daktari, sijaelewa. Rudia."