Mtoto wa Kumi na Mbili

Kwa miaka mingi kazi yangu kanisani ilikuwa kusimama mlangoni na kusema karibu. Sikuiomba. Misa ya kwanza ya Jumapili pale mjini Nyeri ilikuwa ya Kigikuyu, na hiyo haikuhitaji mtu wa mlangoni, maana waliokuja walikuwa wamebatizwa na kuoana humo humo na kila familia ilijua benchi lake. Misa ya pili ilikuwa ya Kiswahili, ya watu wa serikali: polisi, makarani, walimu, wauguzi, watu wa magharibi na wa Ukambani walioletwa kwetu na karatasi ya uhamisho. Wazee wa kanisa walikaa, wakaamua kwamba hao wageni wapokewe vizuri, kisha wakatafuta mtu wa kuwapokea ambaye si wao. Wakanipata mimi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Kiswahili changu kilikuwa cha darasani lakini kilitosha, na tena nilikuwa nimeolewa pale kutoka Kianyaga, kwa hiyo walinihesabu nusu mgeni.

Mwanzoni niliifanya kwa moyo wote. Niliuliza majina. Niliuliza mtu katoka wapi, kaacha nani nyumbani, nani anaumwa. Baada ya Misa niliwapeleka wageni nyuma ya sakristia wanywe chai, nikawaonyesha choo kilipo, nikawaelekeza kwa mama aliyeuza unga wa wimbi sokoni, maana watu wa magharibi waliniulizia wimbi kabla hawajaniulizia saa za kuungama. Baridi ya Julai ilipowashika niliwafundisha kuvaa sweta mbili.

Sasa, mtu aliye ugenini akipata mtoto, hana dada wala shangazi karibu wa kumsimamia kwenye ubatizo. Humwomba yule mmoja anayemjua, na yule mmoja nilikuwa mimi. Nikasimama. Nikambeba mtoto, nikashika mshumaa, nikaahidi mbele ya Mungu na padri kwamba nitasaidia akue katika imani. Baada ya mwaka, au hata miezi sita, karatasi nyingine inakuja. Kitale. Garissa. Machakos. Vitanda vinapakiwa kwenye lori na mtoto wangu wa ubatizo ananipungia mkono kwa sababu ameambiwa apunge.

Walikuwa watoto kumi na mmoja. Wazazi wawili au watatu waliniandikia barua, halafu wakaacha, nami siwalaumu, watu wana mambo yao. Lakini nilikasirika, nasema wazi, na ubaya wa hasira ile ni kwamba haikuwa na mwenyewe. Serikali lazima ihamishe polisi wake. Basi nikajifunza kupokea watu bila kuwapokea. Niliacha kuuliza majina. Kwetu mwanamke aliyezaa huitwa kwa jina la mtoto wake, na huwezi kumwita vizuri kama humjui mtoto. Mimi nikawaita wote "mama", basi, na waume zao "baba" au "afande", na hakuna aliyelalamika kwa sababu nilikuwa nikitabasamu. Tabasamu lile lilikuwa la kazi, nililivaa pamoja na viatu vya Jumapili.

Mama ninayetaka kumzungumzia alikuja kwangu Alhamisi moja shuleni, watoto wakiwa wamekwenda nyumbani. Nilikuwa nasahihisha madaftari ya hesabu na miguu nimeitoa kwenye viatu. Nilimkumbuka sura tu. Mumewe alikuwa polisi kule chuoni Kiganjo, na kwa kuwa nyumba za kikosi zilijaa walikuwa wamepanga chumba mtaa wa Majengo, yeye mume akienda kazini kwa baiskeli. Alikuwa amepita mlangoni kwangu karibu mwaka mzima, kwanza na tumbo, kisha na mtoto mgongoni.

"Mwalimu, niko na shida," akasema.

"Sema, mama."

"Bwana yangu amepata transfa. Ametangulia jana, ni huko Wajir. Mimi namfuata Jumatatu na lori. Nilikuwa nataka mtoto abatizwe hii Jumapili, sasa katekista anasema lazima msimamizi awe mtu wa hapa. Na mimi hapa najua nani? Ni wewe tu."

Nilimwuliza kama Wajir hakuna padri. Akasema ameambiwa padri wa kule hufika mara moja moja, na kambi ya mumewe iko mbali hata na hapo. Kisha akaangalia chini.

"Wa kwanza alinitoka bila maji, mwalimu. Alikuwa na siku nne tu. Huyu siwezi kupanda na yeye lori hivyo."

Ningependa kuandika kwamba nilisimama nikamkumbatia. Nilichofanya ni kuvuta daftari lililofuata. Nilikuwa nimechoka, uchovu wa miaka, na niliposikia neno Jumatatu nilimwona mtoto mwingine akinipungia mkono juu ya lori. Nikamwambia, "Nimesimamia wengi, mama, na wote wameenda. Mwombe mwingine. Si akina mama wamejaa kanisani?"

"Haya, mwalimu," akasema. "Asante."

Asante hiyo ilinikera kuliko kama angenitukana.

Jumapili nikasimama mlangoni kama kawaida. Alikuja na mtoto amevaa nguo nyeupe iliyomzidi, na nyuma yake mwanamke wa makamo aliyejifunga leso kichwani, mtu wa Majengo kabisa, Mwislamu. Nikamnyooshea mkono, nikatoa tabasamu langu.

"Karibu, mgeni."

"Mimi si mgeni, mama," akajibu. "Mimi nimekaa hapa mjini kabla hii kanisa yenu haijawekwa mabati. Mimi ndiye mwenye nyumba yao. Nimesindikiza mtoto."

Mama mtoto akaingia. Yeye mwenye nyumba hakutaka kupita kizingiti, akasimama pale karibu nami, kwa hiyo tulisikiliza mahubiri pamoja, mimi na yeye, bega kwa bega. Katikati ya mahubiri akaninong'oneza.

"Huyu msichana amezunguka tangu juzi akitafuta mtu. Kila nyumba wanamwambia, sisi hatukujui, ati nenda kwa yule mwalimu wa mlangoni, yeye ndiye anajua wageni. Kwani huyo mwalimu ni nani?"

"Ni mimi," nikasema.

"Ahaa," akasema. Akageuza uso akamtazama padri.

Padri wetu alikuwa Mtaliano mzee aliyejua Kigikuyu kutushinda na Kiswahili kidogo tu. Aliwaita wenye mtoto mbele. Mama mtoto akaenda peke yake. Padri akatazama kulia kwake, akatazama kushoto, akauliza msimamizi yuko wapi. Niliwaona akina mama wakiangalia vitabu vyao vya nyimbo. Halafu mmoja akageuka kuangalia mlangoni, na mwingine, mpaka nikaona nyuso za benchi zima.

"Niko hapa," ikasema sauti kando yangu. "Mimi ndiye nilimpokea siku ya kuzaliwa, kabla mkunga hajafika. Mimi namjua."

Watu wengine walicheka, si kwa ubaya mwingi. Padri hakucheka. Alimweleza polepole, akitafuta maneno, kwamba anamshukuru sana lakini msimamizi ni lazima awe Mkristo wa Kanisa.

"Sawa, baba padri," akasema yule mwanamke. "Lakini nani mwingine hapa anamjua?"

Mama mtoto alikuwa amesimama mbele ya beseni la maji na mgongo wake ulikuwa unatetemeka. Nikaenda. Sijui kama ilikuwa huruma au aibu. Nadhani ilikuwa aibu, na huruma ilinikuta njiani. Nilitembea kanisa zima na viatu vyangu vikilia, nikampokea mtoto mikononi. Alikuwa mzito kuliko nilivyotazamia. Alishika kola ya blauzi yangu akaanza kuinyonya.

Desturi ya padri wetu ilikuwa kumwuliza jina la mtoto yule aliyembeba. Akainama kwangu akaniuliza, "Mtoto huyu anaitwa nani?"

Nikafungua kinywa. Mwaka mzima alikuwa amepita mlangoni kwangu, tumboni na mgongoni, na mimi sikujua kama ni wa kike au wa kiume. Nikamtazama mama yake, lakini mama yake alikuwa amejifunika uso kwa leso akilia na hakusikia swali. Padri alingoja. Ndipo yule mwanamke wa Majengo alipolitaja jina kutoka mlangoni, kwa sauti, la nyumbani kwanza na la Kikristo pili, na mimi nikalirudia kwa padri kama mwanafunzi aliyenong'onezewa jibu.

Maji yakamwagwa. Mtoto hakulia. Baada ya Misa katekista aliandika kwenye kitabu cha ubatizo, akasema kadi zimekwisha, wangetumiwa zikiletwa. Mama mtoto akanishika mikono yote miwili, kisha akakimbia kwenda kufunga mizigo. Jumatatu nilikuwa darasani. Lori sikuliona.

Mvua za masika zilikuwa zimeanza yule mwenye nyumba aliponijia shuleni na barua ndani ya leso. Hakuwa amesoma shule. "Nisomee," akasema, "ni ya mama mtoto." Nikamsomea. Joto ni kali, maji yanaletwa na gari, mtoto ameota meno mawili na anatambaa. Hapo akanisimamisha, akataka nisome tena pale penye meno. Nikasoma tena. Kisha nikafika chini:

"Padri amefika huku na anataka kadi ya ubatizo. Tafadhali mwambie yule mama wa mlango wa kanisa anisaidie kuipata. Jina yake sijui. Mwambie mtoto ni mzima, na asante."

"Kwani hukumwambia jina lako?" akaniuliza.

"Hakuniuliza."

"Na wewe ulimwuliza lake?"

Nilikunja barua nikamrudishia. Siku hiyo hiyo nilikwenda ofisini kwa katekista, akafungua kitabu. Kwenye mstari wa mtoto, pale pa msimamizi, alikuwa ameandika "Mwalimu", basi, kwa kuwa kila mtu parokiani alinijua. Nikamwomba kalamu. Niliandika majina yangu matatu pembeni, herufi zikibanana, kisha akaninakilia kadi.

Nyumbani nikakaa mezani kuandika barua ya kwenda na ile kadi. Bado nilikuwa nimechoka. Sikuja kuacha kuchoka, na watoto wengine waliondoka baada ya huyo. Lakini ukurasa ulikuwa mbele yangu na lazima barua ianze na mtu. Nikaandika "Mama", na kwa mara ya kwanza baada ya miaka sikuishia hapo. Nikaongeza jina la mtoto. Chini kabisa nikaandika langu.