Kambare Wasio na Alama ya Ndoana

Siku yangu ya kwanza kazini, kambare alinichoma mkono mbele ya wanaume tisa na wote wakacheka. Nilikuwa nimemaliza Form Four mwaka huo. Mwenyekiti wa kikundi cha wavuvi, pale silanga yetu, bwawa la maji ya mvua, upande wa Zombe, alikuwa ameniambia, "Wewe umesoma, utakaa kivulini uandike." Nikamwambia sikuja kuandika. Basi Fundi, yule mzee aliyemfundisha kila mtu kuvua, akanirushia kambare hai. Nilimshika katikati kama mtu anayeokota kuni. Kambare ana mwiba kwenye kila pezi la kifuani, na ukikuingia unawaka hadi jioni.

"Amekusalimia," Fundi akasema. "Mshike shingoni, vidole nyuma ya miiba. Na usimwamini hata akitulia."

Nyinyi mnaotaka kuanza kazi hii, shikeni hilo. Kambare hana magamba, anateleza, na anapumua hewa, kwa hivyo hata akikaa nje ya maji kwa muda bado anaweza kukuumiza. Hukaa chini, penye tope, na hutafuta chakula kwa ndevu zaidi kuliko kwa macho. Ndiyo maana chambo chake ni kitu cha kunuka: matumbo ya kuku, au kipande cha sabuni ya mche. Ndiyo, sabuni. Tulitandika mshipi mrefu wenye ndoana nyingi jioni, jiwe kila mwisho, tukauvuta kukipambazuka. Maji yakichafuka baada ya mvua, hapo ndipo anakula vizuri. Yakiwa safi, nenda nyumbani ukalime.

Fundi alinifundisha lingine. Ukiletewa kambare, fungua mdomo. Wa ndoana ana mpasuko kwenye taya. Wa mtego wa kikapu ana mikwaruzo puani. "Samaki anasema alivyokufa," alikuwa akisema. "Muuzaji ndiye hasemi."

Baadaye nilipelekwa mto Athi, upande wa Makueni, chini ya Afisa wa Samaki, mtu wa buti safi. Huko nilijifunza kutosimama mahali pamoja siku mbili, kwa sababu mamba naye anasoma ratiba yako. Afisa aliniuliza kwa nini nashuku kila kitu. Nikamwambia vidole vyangu bado ni kumi.

Nilirudi Zombe na binti yangu Mwende mgongoni, hajafikisha mwaka. Kiangazi kilikuwa kimekaza na silanga imebaki nusu. Mishipi ya kila mtu ilitoka mitupu, yangu pia. Ya Fundi haikukosa. Kila asubuhi kreti imejaa. Nikafungua mdomo wa kambare wake wa kwanza: hakuna mpasuko. Wa pili, hakuna. Nikafungua saba, na puani pia hakuna mkwaruzo. Halafu kwenye nyasi za ukingoni nikaona perege wadogo wanaelea, matumbo juu. Perege ndiye hufa kwanza mtu akimwaga dawa ya kunyunyizia nyanya majini. Kambare ni mgumu, yeye hupanda juu kama mlevi, ukamwokota kwa mkono.

Maji hayo ndiyo tulikuwa tunakunywa. Uji wa Mwende ulipikwa nayo, na Mwende alikuwa anaendesha tumbo siku ya tatu.

Nikaenda kwa Mwenyekiti, nikamwambia juu ya perege na tumbo la mtoto. "Shusha sauti, Mama Mwende," akasema. "Mtoto akiota meno anaendesha. Wanunuzi wakisikia mambo ya dawa, nani atakuja hapa tena?"

"Kwa hivyo unajua ni dawa."

"Sijasema hivyo. Nimesema wakisikia."

Kesho yake kikundi kiliketi kando ya silanga, na akina mama wanaochota maji walikuwa hapo na mitungi yao. Midomo ya samaki singeweza kuwaeleza watu ambao hawajawahi kuvua. Lakini nilikuwa nimeona kitu kingine barabarani.

"Fundi," nikasema, "punda wako siku hizi anachota maji wapi?"

"Punda ni wa mke wangu, mama yenu. Muulize yeye."

"Nimemwona wiki nzima. Anapita hapa bila kusimama, anavuka kilima chote kile hadi visima vya mchanga mtoni. Na kwako ni hapo tu. Huyo punda tumemkosea nini?"

Mtu mmoja akacheka. Mwenyekiti akasema nimemvunjia mzee heshima. Jirani ya Fundi, mama mtu mzima, akasema polepole, "Hata mimi nimemwona huyo punda." Akainamisha mtungi wake, maji yakamwagika chini, kiangazi kile. Wengine wakafuata.

Wiki hiyo nilifukuzwa kikundini kwa kukosa adabu. Wengine hustaafu na mvi na wanapewa saa ya ukutani. Mimi nilistaafu na miaka ishirini na sita, na mtoto anyonyaye. Hasira haijaisha na sioni kwa nini iishe. Mambo ya chambo na mshipi utajifunza kwa wiki moja. Kumshuku aliyekufundisha ndiko kunachukua muda, na muda huo mtoto wako anakunywa.

Fundi hajawahi kukubali. Lakini kila tukikutana sokoni huuliza jambo moja, kabla hata ya salamu: "Tumbo la mtoto liko aje?" Mwende alipona zamani, ana miaka mitatu, anaongea kuliko redio. Juzi nikamsukuma mbele yake.

"Huyu hapa, Fundi. Muulize mwenyewe."

Fundi akaangalia viatu vyake. Mwende akasimama pale, mikono nyuma, akingoja kuulizwa, hadi nikamshika mkono tukaenda.