Trekta Lililotazama Mbeya

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya kusagisha ulezi, katika kijiji kimoja cha ujamaa karibu na Kaengesa. Mashine yao huzungushwa na trekta, kwa shafti yenye krosi, vile viungo vinavyoiwezesha kukunjika. Dereva, mtu wa Mbeya, hupenda kuliegesha upande, likitazama barabara ya kwao.

"Ndugu, shafti imekunjika mno," msagaji akalalamika. "Tukiongeza mwendo, krosi zitakatika. Linyooshe."

"Nikilinyoosha, nitakuwa natazama ukuta."

Bibi mmoja mbele yangu akatua ungo wake. "Mwanangu, wajukuu zangu wanatazama sufuria."

Dereva akavua kofia, akalinyoosha. Unga ukamiminika, nasi wa foleni tukayaita hayo maendeleo. Shafti ilinyooka, kilichobaki kimepinda, kutwa nzima, ni shingo ya dereva, kuelekea Mbeya.