Theluji ya Malvern

Enzi zetu, watoto wa Malvern, hapa Johannesburg, tulikuwa tunapaka theluji rangi ya viatu. Cheka tu. Najua pia kwamba mtu ambaye juzi tu alikuwa amevaa sare ya shule hana haki ya kusema "enzi zetu", lakini nimeona wadogo zangu wanavyoishi siku hizi, nimezeeka ghafla. Ninaozungumza nao hapa ni wenzangu wa miaka ile ya 2015 mpaka 2019, tuliokulia karibu na Jules Street, tuliokula magwinya, maandazi ya huku, ya moto kutoka kwenye karatasi iliyolowa mafuta, tuliovushwa kwenye robot, taa za kuongozea magari, huku mama zetu wametubana vidole mpaka vinakufa ganzi. Ninyi mtanielewa.

Baba alikuwa mlinzi wa geti kwenye nyumba ya mzee mmoja huko kaskazini mwa jiji. Mzee huyo alipohamia pwani kwa binti yake, alimwachia Baba sanduku lenye treni ya kuchezea. Haikuwa treni ya watoto, nisikudanganye. Kichwa chake kilikuwa kirefu kama mkono wangu, ndani ya behewa moja paka angeweza kulala, na reli zake zikiunganishwa zilizunguka kibanda chote cha gari nyuma ya nyumba tuliyopanga. Gari lenyewe hatukuwa nalo, kwa hiyo nafasi ilikuwepo. Baba alizaliwa Kalemie, huko Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye mtaa wa wafanyakazi wa reli. Alipoiona treni ile ikizunguka kwa mara ya kwanza aliitazama jioni nzima, chakula chake kikapoa.

Sasa treni bila mji ni chuma tu kinachozunguka, na nyumba zilizotengenezwa kwa ajili ya treni kubwa vile zilikuwa za watu wenye pesa zao. Aliyetuokoa ni Mama, ambaye alikuwa anasuka nywele kwenye saluni ya Jules Street. Kila Januari maduka ya jirani yake yalikuwa yanauza kwa bei ya kutupa mapambo ya Noeli yaliyokosa wateja. Humo kulikuwa na vijumba vya kauri vya kijiji cha Ulaya, vyenye theluji juu ya paa, bomba la moshi, shada la majani mlangoni, na tundu mgongoni pa kuingizia taa. Mama alikuwa anarudi navyo ndani ya mfuko, chini kabisa, juu yake unga wa bukari, ugali wetu, na ndagala wakavu, dagaa wa kwetu, juu ya unga. Mpaka leo nikisikia harufu ya ndagala naona Noeli.

Shida ilikuwa ukubwa. Dereva wa treni, kasanamu ka plastiki kenye kofia, alikuwa mrefu kuliko mlango wa kanisa. Baba akatunga sheria zake. Vijumba vidogo vikae nyuma kabisa, mbali na reli, ili jicho lidhani viko mbali. Vikubwa kidogo vije mbele. Kila kimoja kiinuliwe juu ya kipande cha ubao, kiwe na kitu kama baraza, na mlango ufichwe kwa kijiti chenye majani, kwa sababu mlango ndio unaosema ukweli kuhusu nyumba. Nilizishika sheria hizo kuliko nilivyoshika hesabu za shuleni, na mwalimu wangu angekuwa shahidi.

Mimi nilipewa kazi ya paa. Kalemie hakuna theluji, kuna bati, na bati la huko lina kutu. Nikachukua rangi ya viatu ya kahawia ya Baba nikapaka. Ilipendeza kwa siku moja. Siku ya pili jua la Desemba likaingia kibandani, rangi ikayeyuka ikateremka ukutani, na mji wote ukanuka kama Jumatatu asubuhi kabla ya kwenda shule. Baba alienda kazini na viatu vyeupe vya vumbi kwa wiki nzima, akisema ni mtindo. Nyumba moja tu ilibaki na theluji yake, kwa kuwa kopo lilikuwa limeisha. Niliificha nyuma ya kanisa ili isituaibishe.

Wakati huo nilikuwa na miaka kumi, na nilijiona mjuzi mkuu wa Kalemie katika Johannesburg nzima. Nilitoka huko nikiwa mgongoni mwa Mama, sijaota hata meno yote, lakini ungenisikia. Nilikuwa naeleza duka lilikuwa upande gani, taa za barabarani zilivyokuwa zinawaka, mnara wa kanisa ulivyokuwa mrefu. Wenzangu wa kuruka kamba waliniamini. Mimi mwenyewe nilijiamini. Ukweli ni kwamba Kalemie yangu ilikuwa inapanuka kila Januari, kufuatana na kilichobaki madukani.

Kisha ikaja habari kwamba nkambo anakuja. Kwetu mama wa baba hatumwiti bibi, maana ukisema bibi watu watauliza ni mke wa nani. Tunamwita nkambo. Baba alikuwa hajamwona mama yake tangu tulipokimbia Kongo, na kwa karatasi zake za ukimbizi hakuweza kurudi kumtembelea. Nkambo ndiye aliyesema atapanda mabasi mpaka afike, akae nasi Noeli hiyo ya 2018, kisha arudi kwake.

Baba akaniwekea simu sikioni nimsalimie. Nikajibu kwa Kiingereza kwamba niko salama, nikamwita Gogo, kama wenzangu walivyowaita nyanya zao. Halafu nikamsikia akimuuliza Baba, polepole, "Huyu mutoto ni wa nani?"

Baba alicheka. Mimi sikucheka. Kiswahili nilikuwa nakisikia vizuri sana, lakini kilikuwa kinakwama kooni kila nilipotaka kukitoa. Mama alikuwa amechoka kuniambia, "Usiniletee Kizungu chako kwenye bukari yangu." Nilikuwa nakula kimya. Ila sasa niliogopa kweli. Niliona kwamba mama huyu atasafiri njia yote hiyo, anitazame, aamue kwamba mimi si wake. Basi nikaamua kwamba nisichoweza kukisema nitamwonyesha. Nitamjengea Kalemie, aione, ajue mimi ni mutoto wa nani.

Wiki zile sikucheza. Nilitandika turubai la bluu likawa ziwa. Nilipanga nyumba zote safu nzuri, milango ikitazama mbele kama zilivyokuwa kwenye picha ya boksi, na migongo yenye matundu na nyaya nikaielekeza ukutani. Baba alikagua akasema, "Sharp," yaani safi. Nikakariri na sentensi yangu ya kumkaribisha, nikimwambia dereva wa plastiki asubuhi na jioni.

Nkambo alifika, akalala mchana kutwa. Alikuwa mdogo kuliko nilivyotarajia, na nikaona haya kwa kumpima kama nyumba. Jioni umeme ukakatwa, ilikuwa zamu ya mtaa wetu, na Baba akasema afadhali, kwa sababu treni na taa za vijumba zilikuwa za betri. Wapangaji wenzetu wakatoka na viti vyao. Baba akawasha. Mji ukawaka, treni ikaanza kuzunguka, nami nikasimama mbele ya Nkambo kutoa sentensi yangu. Nikafungua mdomo, kikatoka Kizulu cha mtaani: "Sawubona, Gogo."

Aliitika kwa kichwa tu. Akatazama mji kwa muda mrefu. Akainama, akatazama tena.

"Batu ba humu banapikia wapi?" akauliza.

Akanyoosha kidole kwenye safu ya milango.

"Na jirani akitaka chumvi, anapita wapi? Nyumba zote zinatazama barabara. Zimenuniana?"

Akakaza kitenge chake, akapiga magoti kwenye sementi, akaanza kugeuza. Nyumba moja, ya pili, ya tatu. Milango yote ikaelekea ndani, pakatokea kiwanja katikati, na sisi watazamaji tukabaki tunaangalia matundu na nyaya. Alichukua kizibo cha soda akakiweka chini, akasema mbabula, jiko la mkaa, inakaa hapo. Kisha akamuuliza Baba ni ipi iliyo yao. Baba akaonyesha kijumba kidogo kuliko vyote, nyuma kabisa. Nkambo akakiokota, akakileta mbele, akakiweka karibu kabisa na reli.

"Mama," Baba akasema, "ukiiweka hapo itaonekana ndogo."

"Ilikuwa ndogo," Nkambo akajibu. "Treni ikipita, sahani zilikuwa zinaruka."

Baba akageuka, akashughulika na waya ambao haukuwa na tatizo lolote. Treni ikaja, ikagonga kijumba, bomba la moshi likadondoka. Nkambo akasema vizuri, hawakuwahi kuwa na bomba kama lile.

Mimi nilikuwa nalia. Sikulia kwa ajili ya Kalemie, nisijipambe. Nililia kwa hasira, kwa sababu kazi yangu yote ilikuwa imegeuzwa mgongo mbele ya wapangaji. Nkambo akasikia. Akaninyooshea mkono, akaniuliza mji huu batu bake beko wapi. Nikamwambia hakuna watu, dereva tu. Nilimwambia kwa Kiswahili, na sikugundua mpaka nilipokwisha kusema.

"Basi ingia," akasema. "Kaa pale kwenye mbabula. Nyumba bila mutoto inafaa nini?"

Nikaruka reli, nikakaa katikati ya kiwanja na magoti yangu marefu, jitu la kuvunja sheria zote za Baba kuhusu ukubwa. Waliokuwa nje waliona matundu. Mimi nilikuwa nimezungukwa na milango, kila mmoja una taa, yote inanitazama. Ndiyo kumbukumbu yangu ya kwanza ya Kalemie ambayo sikuibuni, na nimeipata Malvern.

Siku hizi treni iko chini ya kitanda cha Mama. Mdogo wangu Glody aliivuta juzi, akatafuta mahali pa kuiunganisha na simu, akakosa, akairudisha kwa huruma, kama mtu aliyemkuta babu wa watu amepotea njia. Nilianza kumwambia, "Enzi zetu," akavaa spika zake masikioni. Sisi tulikuwa tunaungua jua, tunanuka rangi ya viatu, tunagombania kizibo. Yeye ana miji mizima kwenye kiganja, yenye watu wanaotembea, na hajawahi kuulizwa wanapikia wapi. Namwonea huruma, naye ananionea mimi, na sijui nani ana haki. Lakini jioni zile nazitamani. Nazitamani hata matundu yake.

Nkambo aliporudi aliomba nyumba moja ya ukumbusho. Nilimletea ile isiyo na bomba, akaikataa, akasema hiyo abaki nayo Baba. Akachungulia nyuma ya kanisa, akatoa ile niliyoificha, yenye theluji, akaifunga ndani ya kitenge. Niliona haya kidogo, kisha nikasahau.

Sasa nampigia kila Jumapili, kwa Kiswahili changu ambacho bado anakicheka. Nyumba iko juu ya kabati lake Kalemie, karibu na redio. Wageni wakiuliza, anawaambia hiyo ndiyo nyumba ya mwanawe huko Johannesburg, na ile nyeupe juu ya paa ni baridi ya huko, ndiyo maana mjukuu wake alikuwa haongei vizuri, mdomo ulikuwa umeganda. Hatujamsahihisha. Bado tuko kwenye vyumba vyetu viwili vya kupanga, chini ya bati linalochemka Desemba yote, na huko mtaa mzima wa reli unatuombea joto.